Tunakula Kama Wanariadha, Lakini Hatukimbii

Ukitoka nje mapema Eldoret, kabla ya jua kuchomoza, utawakuta barabarani. Wanapita kwa makundi, kumi, ishirini, pumzi zikiwatoka kama moshi kwenye baridi ya asubuhi. Wengi wao watarudi tena jioni kwa zoezi la pili. Katikati ya mazoezi hayo wanakula nini?

Mwaka 2004, mtafiti Mkenya Vincent Onywera na wenzake walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na wanariadha 10 mashuhuri wa mbio za masafa marefu. Kwa siku saba walipima kila kilichoingia kinywani mwao. Walichokiona hakiwezi kumshangaza yeyote aliyelelewa huku kwetu: ugali, wali, viazi, mkate, uji, maharagwe, kabichi, nyama kidogo, na chai ya maziwa yenye sukari. Zaidi ya robo tatu ya nguvu yote waliyoipata ilitoka kwenye vyakula vya wanga. Na hata hivyo, katika siku hizo walitumia nguvu nyingi kuliko waliyoila.

Sasa tazama sahani yako ya jana usiku. Pengine ni ile ile: mlima wa ugali, sukuma wiki pembeni, chai ya sukari baadaye. Tofauti ni kwamba wewe ulikwenda kazini kwa matatu, ukaketi saa nane, ukarudi kwa bodaboda, ukaketi tena mbele ya runinga. Sahani ni ya mwanariadha, siku ni ya karani. Mimi ni karani wa aina hiyo, kwa hiyo simnyoshei mtu kidole.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Kwa miaka mingi alitembea kwenda shuleni na kurudi, na siku za Jumamosi alishika jembe. Alipostaafu aliacha kutembea, lakini hakuacha ugali wa mtu anayetembea. Hakuna aliyeona ubaya. Kitambi kwa mzee aliyestaafu tulikiona ni dalili ya raha. Tulijua ana kisukari siku kidonda kidogo cha mguuni kilipokataa kupona. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Daktari alituambia huenda sukari ilikuwa imepanda kwa miaka kadhaa bila yeye kujua.

Hali hiyo si ya familia moja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kuwa asilimia 27 ya Wakenya watu wazima walikuwa na uzito uliozidi au unene wa kupindukia, na wanawake waliathirika zaidi ya wanaume. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na shinikizo la damu. Takwimu zilizonisimamisha mimi, hata hivyo, ni hizi: asilimia 56 hawakuwa wamewahi kupimwa presha maishani mwao, na asilimia 88 hawakuwa wamewahi kupimwa sukari. Katika utafiti huo huo, watu 94 kati ya kila 100 hawakuwa wakila matunda na mboga za kutosha. Hii ni nchi yenye mboga kila kona ya barabara.

Nini hutokea mwilini

Wanga ukishasagwa tumboni hugeuka kuwa sukari na kuingia kwenye damu. Haijalishi ulitoka kwenye ugali, chapati, viazi au soda. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kufungua milango ya seli ili sukari iingie na kutumika kama nguvu. Anayekimbia huitumia mara moja, kwa kuwa misuli yake ina njaa. Aliyeketi haitumii yote. Inayobaki huhifadhiwa, nyingi ikigeuka mafuta, hasa kiunoni na kuzunguka ini. Mambo yakiendelea hivyo mwaka baada ya mwaka, seli huanza kuizoea insulini na kutoitikia. Kongosho hulazimika kutoa nyingi zaidi, hadi ichoke. Hapo sukari hubaki ikielea kwenye damu, ikiharibu polepole mishipa midogo ya macho, figo na miguu. Ndiyo maana kidonda cha mguuni hukataa kupona.

Katika hatua za mwanzo mtu hasikii chochote. Kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara huja baadaye. Presha nayo ni hivyo hivyo. Wengi huijua siku ya kiharusi.

Ugali haujafukuzwa

Najua wasomaji wanaosubiri niseme waache ugali. Sisemi hivyo, na ningesema mngecheka. Kaunti hii ndiyo inayolisha sehemu kubwa ya nchi kwa mahindi. Ila ni vyema kukumbuka kwamba mahindi ni mgeni. Yalitoka Amerika, yakafika pwani yetu kwa meli za Wareno, na huku nyanda za juu yalitawala mashamba katika karne iliyopita tu, wakati wa walowezi. Kabla ya hapo, kimyet ya wazee ilikuwa ya wimbi na mtama. Mji huu ulipokuwa ungali shamba nambari 64, kiasi cha kuitwa Sisibo hadi leo, bibi zetu walikuwa wakisaga wimbi kwa jiwe.

Jambo la kwanza ni unga wenyewe. Unga mweupe laini wa pakiti umekobolewa, yaani punje imevuliwa ganda na kutolewa kiini. Ganda ndilo lenye nyuzinyuzi, na kiini ndicho chenye mafuta mazuri na vitamini. Kinachobaki ni wanga karibu mtupu, ambao hugeuka sukari upesi na kuacha njaa irudi upesi. Unga usiokobolewa wa kisiagi cha mtaani hubaki na vyote. Hapa niongeze jambo ili nisimpotoshe mtu: tangu 2012 sheria inawataka wenye viwanda kuongeza madini ya chuma, zinki na vitamini kwenye unga wa pakiti, na unga wa kisiagi kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Kwa hiyo unga wa pakiti si sumu. Nyumbani kwangu tunachanganya: sehemu mbili za mahindi ya kisiagi, sehemu moja ya wimbi. Wimbi lina kalsiamu zaidi ya mara kumi ya mahindi, na ugali wake hukaa tumboni. Watoto walilalamika wiki ya kwanza kwamba ugali una rangi ya udongo. Wiki ya tatu walinyamaza.

Lakini wimbi si dawa. Wapo wauzaji wanaolitangaza hivyo, na nimekutana na mtu mwenye kisukari aliyekuwa akila ugali wa wimbi mara mbili ya kipimo chake cha zamani kwa sababu aliambiwa hauna sukari. Wimbi ni wanga. Kipimo ndicho kinachoamua.

Ndipo tunafika kwenye jambo la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote katika makala haya. Mwongozo wa kitaifa wa lishe bora uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2017 unahimiza mlo mchanganyiko wenye mboga na matunda kwa wingi, na wataalamu wa lishe huueleza kwa kuigawa sahani: nusu iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, robo iwe protini kama maharagwe, ndengu, mayai, samaki au nyama. Kwetu sahani imegeuzwa. Robo tatu ni ugali, na mboga ni ya kuusindikizia. Huhitaji mizani jikoni. Ugali wa mtu asiyefanya kazi ya sulubu usizidi ngumi yake kwa kiasi kikubwa. Pakua mboga kwanza, kisha protini, kisha ugali uchukue nafasi iliyobaki. Ukianza na ugali, nafasi haitabaki.

Anayelima kutwa, anayebeba mizigo sokoni au anayejiandaa kwa mbio ana haki ya ugali wake mkubwa. Hapa nawazungumzia sisi wengine.

Mboga za bibi

Nenda soko kuu la Eldoret, au Langas, au hata kibanda cha karibu nawe jioni. Utakuta saga, ambayo Wakalenjin huiita isagek, na managu, yaani isoik. Utakuta kunde, mrenda, terere na majani ya maboga. Kuna wakati mboga hizi zilidharauliwa, zikaitwa chakula cha maskini au magugu, huku sukuma wiki na kabichi zikipewa heshima yote. Profesa Mary Abukutsa-Onyango, aliyefundisha Maseno na baadaye Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ametumia maisha yake ya kitaaluma kuonyesha kwamba dharau hiyo haikuwa na msingi. Mboga hizi za asili zina madini ya chuma, kalsiamu, vitamini A na protini kwa kiwango ambacho mara nyingi huipita kabichi kwa mbali. Tena hustahimili ukame na hukomaa upesi. Nyingi huvunwa wiki chache tu baada ya kupandwa.

Shida ni namna tunavyozipika. Wengi huchemsha saga au managu hadi zibadilike rangi, humwaga maji mara mbili ili kuondoa uchungu, kisha hukaanga kwa mafuta mengi. Pamoja na yale maji machungu zimemwagika pia vitamini. Akina mama wa zamani walikuwa na njia bora: walichanganya mboga chungu na isiyo chungu, mathalani managu na kunde au terere, wakaipika kwa muda mfupi, kisha wakaongeza maziwa au malai kidogo. Uchungu hupungua bila kumwaga kitu. Ukiacha mboga hiyo ilale na maziwa hadi kesho yake, ladha huwa nyingine kabisa, ila itunze mahali penye baridi na uichemshe tena kabla ya kula.

Chuma kilichomo kwenye mboga kina tabia moja inayofaa kujulikana, hasa na mama mjamzito au msichana aliye katika umri wa hedhi. Mwili hukipokea kwa shida. Ukikamulia ndimu au kula chungwa au nyanya mbichi pamoja na mboga, hupokelewa vyema zaidi. Ukinywa chai papo hapo, majani ya chai hukizuia. Subiri angalau saa moja baada ya chakula ndipo umimine chai.

Kikombe cha chai

Hapa huenda nikapoteza marafiki. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari inayoongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa siku, ambayo kwa mtu mzima wa wastani ni takriban gramu 50, na ingekuwa bora isizidi nusu ya hiyo. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua kama gramu nne. Mtu anayeweka vijiko vitatu na kunywa vikombe vinne kwa siku amefikisha gramu 48 kabla hajagusa mandazi, jemu wala soda. Na nani kati yetu husawazisha kijiko? Soda ya chupa ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30, yaani vijiko saba au zaidi, na huwezi kuipunguza maana imetiwa kiwandani.

Mimi nilianzia vijiko vitatu. Nilipojaribu kuacha ghafla nilishindwa siku ya pili. Nilichofaulu nacho ni kupunguza nusu kijiko kila baada ya wiki mbili. Ulimi huzoea taratibu. Leo natumia kimoja, na chai ya wageni ya vijiko vitatu naiona kama sharubati.

Kuna jambo la pili kuhusu chai yetu, nalo ni la hapa hapa Eldoret. Saratani ya umio, njia inayopitisha chakula kutoka kooni hadi tumboni, imekuwa ikiwapata watu wengi wa Magharibi na Bonde la Ufa kuliko sehemu nyingi duniani. Watafiti waliofanya kazi katika Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi waliwalinganisha wagonjwa wa saratani hiyo na watu wasio nayo, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba wanaokunywa vinywaji vikiwa moto sana wamo katika hatari kubwa zaidi. Mwaka 2016, taasisi ya Shirika la Afya Duniani inayochunguza saratani ilikuwa imeshatangaza kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani hiyo. Pombe na tumbaku nazo huongeza hatari. Kwetu mgeni akipewa chai iliyopoa huona amedharauliwa. Basi mmiminie ikiwa moto, mzungumze habari za nyumbani kwa dakika tano, kisha mnywe.

Chumvi na mafuta

Chumvi kwa siku nzima isizidi gramu tano, ambazo ni kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile isiyoonekana: ya mkate, ya viungo vya pakiti vya kukolezea mchuzi, ya krisi za watoto, ya soseji na smoki. Ondoa kichupa cha chumvi mezani. Hiyo peke yake husaidia. Kitunguu, nyanya, dania, tangawizi na ndimu hufanya kazi ya ladha vizuri. Soseji na smoki ziwe za mara chache, kwa kuwa tangu 2015 nyama za kusindikwa ziliwekwa kwenye orodha ya vitu vinavyothibitika kusababisha saratani. Chipsi za jioni zikaangwazo kwa mafuta yaliyotumika tangu asubuhi, hadi yakawa meusi, ziache hapo hapo kwa muuzaji. Maziwa na mursik endelea navyo, mradi maziwa yamechemshwa kabla ya kutiwa kwenye kibuyu, maana maziwa mabichi huleta ugonjwa wa brusela.

Lakini ni ghali

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia kila tunapokwenda mashinani. Lina ukweli: parachichi, samaki na matunda ya aina nyingi si ya kila mfuko. Hata hivyo, mengi niliyoyataja hapa ni ya kupunguza, si ya kununua. Sukari, soda, mafuta na soseji vyote hutoka mfukoni. Maharagwe na githeri hubeba protini nzuri, kwa kuwa mahindi na maharagwe hukamilishana, na githeri iliyozidi maharagwe ni bora kuliko iliyozidi mahindi. Omena ni ndogo lakini ina kalsiamu tele. Aliye na nafasi ya magunia matatu nyuma ya nyumba, hata Huruma au Munyaka, anaweza kuvuna managu na terere za kutosha familia yake. Maafisa wa kilimo wa wadi wataeleza namna ya kuyajaza magunia hayo mchanga, mbolea na mawe katikati ili maji yafike chini.

Pingamizi gumu zaidi ni la ndani ya nyumba. Mama anaweza kupika mboga nyingi na chumvi kidogo, kisha baba akashiba chipsi na nyama choma mjini kabla ya kufika. Au mgonjwa akapikiwa sufuria yake peke yake, akajiona ametengwa, na baada ya mwezi akarudi kwenye chakula cha wote. Kwetu baba alikataa kabisa chakula cha mgonjwa. Alikubali siku mama alipoamua kwamba nyumba nzima itakula sufuria moja.

Pima kabla ya kubadilisha

Mwezi Septemba 2023 serikali iliwakabidhi wahamasishaji wa afya ya jamii vifaa vya kazi, vikiwemo mashine ya kupima presha, kipimo cha sukari na mizani. Yupo mmoja anayehudumu katika kijiji au mtaa wako. Mwulize, au nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ukiwa na kitambulisho. Huduma za ngazi hiyo hugharamiwa na Hazina ya Afya ya Msingi kwa aliyejisajili na SHA. Presha ya 140 juu ya 90 au zaidi, ikipimwa siku tofauti na kurudia, ni ya kutibiwa. Sukari ya 7.0 au zaidi ukiwa hujala kitu tangu usiku ni ya kurudiwa na kuchunguzwa. Mwenye miaka 40 na zaidi, mwenye mzazi au ndugu mwenye kisukari, na mama aliyepata kisukari akiwa mjamzito wasingoje dalili.

Ikiwa tayari unatumia dawa za sukari au presha, usiziache kwa sababu umeanza kula vizuri. Mlo ukibadilika dozi huenda ikahitaji kupunguzwa, na anayetumia insulini akipunguza ugali ghafla bila kumwambia daktari sukari inaweza kushuka hadi azimie. Mwenye ugonjwa wa figo naye asianze kula mboga na maharagwe kwa wingi kabla ya kuzungumza na mtaalamu wa lishe, kwani figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu iliyomo. Unapokwenda kliniki, beba pakiti za dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba, na uandike ulichokula siku tatu zilizopita, bila kuficha soda.